Ngozi ya Aliyepandikizwa Figo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye vidonge ambavyo aliyepandikizwa figo humeza kila siku, ili kinga yake isiishambulie figo ya mtu mwingine. Mwaka 1954 kule Boston, pacha alimpa figo pacha mwenzake wa kufanana naye, na dawa hazikuhitajika, kwa kuwa mwili haukuona mgeni. Wengine wote lazima kinga yao ipunguzwe makali, na dalili za kupunguzwa huko huonekana mapema kwenye ngozi.

Suala hili sasa limetufikia nyumbani. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ikafuata Machi 2018. Zamani ilikuwa lazima uende India. Leo mtu wa Babati anapanda basi la Dodoma kupitia Kondoa.

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na madaktari wa Ulaya, Marekani na Australia, na huanza na jua. Kwa watu weupe wana haki: saratani ya ngozi itokanayo na jua huwapata waliopandikizwa viungo mara nyingi mno kuliko watu wengine. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwani humdanganya mtu kwamba jua si kali. Mwenye ualbino aliyepandikizwa figo asitoke bila kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Anayetumia azathioprini naye ajihadhari, maana dawa hiyo huifanya ngozi idhurike upesi na miale.

Ila kwa sisi wengi wenye ngozi nyeusi, kukagua uso na mikono peke yake ni kutafuta pasipo. Saratani zetu mara nyingi hujificha kusikofika jua: sehemu za siri, kuzunguka njia ya haja kubwa, nyayoni, chini ya kucha. Baadhi huletwa na virusi vya papiloma, jamaa wa virusi viletavyo chunjua. Kwa hiyo ukienda kliniki ukaambiwa uvue nguo, vua. Aibu ya dakika tano ni nafuu.

Iliyo yetu hasa ni saratani ya Kaposi. Tumezoea kuihusisha na UKIMWI, lakini madaktari wa Uganda waliijua vizuri tangu miaka ya 1960, kabla UKIMWI haujasikika. Virusi vyake, vilivyogunduliwa mwaka 1994, huenea kwa mate, na wengi Afrika Mashariki huvipata utotoni. Hukaa kimya hadi kinga iteremke. Huanza na doa mguuni, la zambarau au jeusi kuliko ngozi yenyewe, lisilowasha wala kuuma. Ukilipapasa unahisi ugumu kidogo. Baadaye huongezeka, na mguu huweza kuvimba. Mara nyingi hutokea katika miaka michache ya mwanzo baada ya upasuaji. Habari njema ni kwamba daktari akipunguza dozi, au akibadilisha dawa na kumpa mgonjwa sirolimasi, madoa huweza kufifia yenyewe. Nasema daktari. Anayejipunguzia vidonge mwenyewe anaweza kuipoteza figo.

Maambukizi ndiyo ya kila siku: choa, mba, majipu, chunjua zisizokwisha, mkanda wa jeshi. Hata upele wa kawaida huweza kuota magamba mazito. Na hapa ndipo duka la dawa linaponitia wasiwasi. "Paka hii, mama," anasema muuzaji, na kukabidhi tyubu yenye steroidi ndani. Wekundu hupungua, kuvu huendelea kutambaa chini kwa chini. Vidonge ni hatari zaidi: flukonazo ya kutibu kuvu hupandisha takrolimasi mwilini hadi kuiumiza figo, na erithromaisini hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Kwa hiyo usinunue kitu kabla hujataja, kwa majina, dawa unazomeza.

Doa au kidonda kisichopona kwa wiki nne kionyeshwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hapa hapa mjini. Wao wakihitaji msaada, KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, chenye wataalamu wa kukata kipande kidogo na kukipima.

Wiki ijayo: chanjo zipi ni salama kwa aliyepandikizwa, na zipi ni mwiko.