Kosa si la kondoo, ni la mgao

Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo ina hekima yake, lakini ikiingizwa jikoni huleta balaa. Mwili wa binadamu haukubaliani nayo. Huweka hesabu ya kilicholiwa jana, juzi na mwezi uliopita, na siku ya kudai deni lake hausamehe.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwanafunzi mmoja niliyemfundisha miaka mingi iliyopita huko Nyandarua, mahali penye baridi kali na kondoo wengi. Alikuwa msichana wa darasa la nane, mpole na mwenye akili, ila kila alasiri alikuwa akisinzia. Nilimkemea. Siku nyingine nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikidhani kwamba ni uvivu. Hatimaye alizimia asubuhi moja akiwa kwenye gwaride, akapelekwa zahanati, nasi tukaambiwa kwamba alikuwa na upungufu wa damu.

Nilipokwenda kwao kumjulia hali, wazazi wake walinipokea kwa heshima kubwa. Walinichinjia kondoo. Niliandaliwa sinia ya mbavu, nikala pamoja na wanaume wa nyumba ile. Msichana yule ndiye aliyetunawisha mikono. Kisha alirudi jikoni akanywa supu, na baada ya supu kikombe cha chai. Mimi mwalimu wake nilikula nyama ambayo yeye ndiye aliyeihitaji, na sikulitambua hilo mpaka nilipokuwa njiani kurejea nyumbani.

Wapo watu wanaoshikilia kwamba nyama ya kondoo ni sumu kwa ajili ya mafuta yake. Wapo pia wanaoishangilia kana kwamba Mungu hakuumba chakula kingine. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimepotoka.

Nyama ya kondoo ina protini ya kujenga mwili, madini ya chuma ya kutengeneza damu, zinki ya kuimarisha kinga, na vitamini B12 ambayo mboga hazina. Chuma cha nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko kile cha maharagwe au mchicha. Zaidi ya hayo, nyama kidogo ikiliwa pamoja na mboga huusaidia mwili kufyonza hata chuma cha mboga hizo. Sasa na tujiulize: ni nani anayekihitaji chuma hicho zaidi? Ni msichana aliyevunja ungo, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Ni mama mjamzito, na ni mtoto mdogo anayekua kwa kasi. Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi hao ndio wanaogawiwa mwisho. Hupewa supu, wakaambiwa kwamba nguvu zote zimo humo. Supu ina ladha na joto, lakini sehemu kubwa ya protini na chuma hubaki katika mnofu.

Hata hivyo, wanaotuonya wasipuuzwe. Mnamo Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama nyekundu, ya kondoo ikiwemo, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Wataalamu hushauri kwamba anayekula nyama nyekundu asizidishe kati ya gramu 350 na 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki nzima. Kuna nyumba zetu nyingi ambazo hazikifikii kiasi hicho kwa mwezi, lakini ikija Krismasi au Idi, mtu mmoja hukimaliza kwa kikao kimoja. Huko ndiko kuifuata methali ya mla leo.

Upishi nao una sehemu yake. Kondoo wetu wengi wa kienyeji huweka mafuta mengi mkiani, hivyo si kazi ngumu kuyatenga na mnofu. Nyama ya mwanakondoo ni laini na huiva upesi. Ya kondoo mkubwa hutaka moto mdogo na subira. Ichemshwe polepole kwa tangawizi, kitunguu saumu na nyanya. Ikipoa, mafuta huelea na kuganda juu kama nta, nayo yaenguliwe kwa mwiko. Mafuta ya namna hiyo yakizidi mwilini huongeza kolesteroli katika damu. Anayependa nyama ya kuchoma asiiache iungue ikawa nyeusi, kwa maana moshi wa mafuta yanayodondokea makaa huipaka nyama kemikali zenye madhara.

Kisha nyama hiyo ikatwe vipande vidogo, iungwe pamoja na kunde au sukuma wiki, ikamuliwe ndimu. Vitamini C iliyomo katika ndimu huusaidia mwili kufyonza chuma. Chai, ambayo sisi hupenda kuisindikizia chakula, hufanya kinyume chake. Afadhali ingoje saa moja hivi. Kwa njia hii, kilo moja ya nyama ambayo ingemezwa na wageni wanne yaweza kuilisha familia nzima, kila mmoja akapata kipande chake.

Nawaomba walimu wenzangu wanaofundisha lishe wasiishie kuchora jedwali la vitamini ubaoni. Wawaulize wanafunzi ni nani hupakuliwa kwanza nyumbani kwao, na ni nani hubaki na sufuria tupu. Nanyi wanafunzi, hasa wavulana, mtakapokuwa wenye nyumba kumbukeni kwamba kisu cha kugawia nyama kitakuwa mikononi mwenu. Kumkirimu mgeni ni desturi njema, wala siombi iachwe. Ninachoomba ni kwamba binti wa nyumba asiwe ndiye anayelipia ukarimu huo kwa damu yake.

Nami nikimwona mwanafunzi akisinzia darasani, siku hizi humwuliza kwanza alikula nini jana.