Umesoma Riwaya: Wewe Unasemaje?

Katika makala haya tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalifanya kila wiki bila kulipa jina, nalo ni kutoa maoni juu ya riwaya mnazozisoma. Tumewasikia. Siku za Jumamosi na Jumapili, baada ya sala ya Alasiri, mnapokaa barazani kusubiri darsa, mazungumzo yenu mara nyingi huwa ni ya Sekai na Takadini, au ya Peter na Zita, na sauti hupanda mpaka jirani anayegeuza kahawa yake kwenye jamvi anainua kichwa. Hapo mwanzo baadhi yetu walimu tulitaka kuwanyamazisha, kwani tulidhani ni porojo. Siku moja tulikaa pembeni tukasikiliza hadi mwisho, na tangu siku hiyo tumebadili mawazo.

Tuanze na hali yetu. Wengi wenu mnasoma katika sekondari za kata, wengine hapa Karagwe na wengine Kyerwa, wilaya iliyokuwa moja na yetu mpaka ilipogawanywa mwaka 2012. Vitabu vya hadithi ni vichache. Maktaba ya mkoa iko Bukoba mjini, na kutoka hapa Kayanga ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo nakala moja ya riwaya hupita mikono mingi hata jalada likaisha, na aliyeipata mwisho husoma kitabu kisicho na ukurasa wa kwanza. Wengine hawakipati kabisa. Hao husoma notisi za “fani na maudhui” walizonakili kwa kaka zao, wakajua dhamira sita na wahusika wanane bila kuwahi kuifungua riwaya yenyewe.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Mwenye notisi ukimuuliza maoni yake atakwambia kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kufikisha ujumbe kwa jamii. Hayo ni majibu ya mtihani, na kwenye mtihani yaandikeni, hatuwakatazi. Lakini si maoni. Maoni ni yale uliyoyaona wewe ndani ya kitabu, ukaweza kumwonyesha mwenzako mahali ulipoyaona. Kusimulia hadithi mwanzo hadi mwisho nako si maoni, ni muhtasari. Na kusema “kitabu kizuri sana” ni salamu tu.

Sasa tuwakumbushe mjadala wenyewe uliotufanya tuandike. Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo kwa miaka mingi imesomwa katika somo la Kiswahili sekondari, inahusu kijiji cha Zimbabwe ya zamani. Sekai, mke wa Makwati, anakaa miaka mingi bila mtoto, na anapompata, mtoto huyo ana ualbino. Mila ya kijiji inataka mtoto wa namna hiyo auawe. Sekai anambeba mtoto usiku na kutoroka naye, anatembea siku nyingi hadi kijiji kingine, na huko anapata hifadhi kwa mzee Chivero. Mtoto anakua, anajifunza kupiga mbira, na mwishowe anamuoa Shingai ijapokuwa wazazi wa binti hawakutaka.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema Sekai alikosea, kwa kuwa mke hatoki nyumbani kwa mumewe bila idhini, na kwamba mwandishi anawafundisha wanawake ukaidi. Alisema kwa kujiamini, na wenzake kadhaa wakamuunga mkono. Binti mmoja akamjibu kwa swali: idhini ya nini, ya kwenda kumchinja mtoto? Pakawa na kelele. Sisi tulikuwa tunajiandaa kuingilia kati na kueleza kwamba utii una mipaka yake, na kwamba Uislamu ulipofika Bara Arabu ulikuta watu wanawazika watoto wa kike wangali hai ukalikomesha hilo. Tukachelewa, alhamdulillah. Binti mwingine, ambaye katika mwaka mzima hatujamsikia akichangia lolote, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alipofika kwenye ule usiku wa kutoroka alimkumbuka mama yake Nabii Musa, aliyemweka mwanawe kwenye kisanduku na kumtia mtoni ili Firauni asimpate. Baraza zima likanyamaza. Yule kijana naye akakaa chini, akafikiri, kisha akasema: “Basi hapo sina la kusema, ila Makwati naye mngemhurumia, maana alikuwa anaogopa watu.”

Tazameni kilichotokea. Hakuna aliyesoma notisi. Binti alichukua anachokijua kutoka darsa la visa vya Manabii akakiweka kando ya ukurasa wa riwaya, vyote viwili vikawa wazi zaidi. Na kijana aliyeshindwa hoja hakutoka mikono mitupu, kwa sababu maneno yake ya mwisho juu ya Makwati ndiyo yaliyokuwa maoni yake bora siku ile.

Kuna aliyekwenda mbali zaidi. Mwisho wa riwaya Takadini na Shingai wanapata mtoto, naye hana ualbino. Mwanafunzi mmoja akauliza: kwa nini mwandishi amalizie hivyo? Ingekuwaje kama mtoto angezaliwa na ualbino, furaha ya kijiji ingekufa? Anayesoma baiolojia akamweleza kwamba ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Kila mzazi lazima awe amebeba chembe hiyo ya urithi, na anaweza kuibeba bila dalili yoyote kuonekana kwenye ngozi yake. Ikiwa Shingai hakuibeba, mtoto wao hawezi kuzaliwa na ualbino, kwa hiyo mwandishi hakukosea. Muulizaji hakuridhika. Alisema yeye haulizi damu, anauliza sababu ya watu kushangilia. Mpaka leo hatujapata jibu la kumpa. Tunaamini swali lile lina uzito kuliko notisi zote za Takadini tulizowahi kuziona.

Msidhani mambo haya ni ya Zimbabwe tu. Kuanzia mwaka 2007 hivi, nchi yetu, na hasa Kanda ya Ziwa, iligubikwa na mauaji ya watu wenye ualbino kwa imani za kishirikina kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Na mwaka 2024, mwezi Mei, katika wilaya ya Muleba, mkoa wetu huu huu wa Kagera, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu aliibwa mikononi mwa mama yake, na mwezi Juni mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo. Msomaji wa Karagwe anapofungua Takadini hafungui kitabu cha mbali. Tuliona jinsi mjadala ule ulivyowabadilisha hata kwenye maneno: waliokuwa wakisema “zeruzeru” walianza wenyewe kusema “mtu mwenye ualbino”, bila mwalimu kuwarekebisha.

Tuje kwenye kosa ambalo tunalisikia mara kwa mara, nalo ni kumchanganya mwandishi na mhusika wake. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Mzee Lomolomo ni mlevi, na watoto wake Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa mahitaji. Mwenzenu mmoja alisema kitabu kile hakifai kwa sababu kina pombe na dawa za kulevya. Kuonyesha si kusifu. Mama muuza chakula anayehangaika na jiko lake huku mumewe akimaliza fedha kilabuni hamumjui? Hata kwenye vilabu vya rubisi vya huku kwetu yupo. Ukitaka kujua mwandishi yuko upande gani, usiangalie mhusika anafanya nini tu, angalia pia hadithi inamfikisha wapi na nani anaumia njiani.

Je, kila kitabu kisomwe na kila mtu? Hapana, na hapa tunajua baadhi yenu hamtatupenda. Umri una haki yake. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kukiuka maadili, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Jeff Kinney wa Marekani, ambavyo watoto wa nchi nyingi wanavisoma. Mzazi na mwalimu wana wajibu wa kuangalia. Lakini historia yetu inatufundisha tusiwe na haraka. Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971 na ikazuiwa mashuleni kwa kuwa ilizungumzia mambo ya wasichana na wanaume bila kuficha. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha kusomwa darasani. Ukiisoma ukiwa mtu mzima unakuta kwamba inamlaumu sana baba, Zakaria, aliyempiga bintiye kikatili kwa ajili ya barua ya mvulana, akamlea kwa hofu badala ya malezi. Huenda waliokizuia walikuwa na nia njema. Sisi tunalosema ni hili: asiyesoma kitabu asikitolee hukumu, awe mwanafunzi, mzazi au ustadhi. Sisi wenyewe tumewahi kukosea hapo, tukamnyang'anya mwanafunzi kitabu kwa sababu ya picha ya jalada tu. Tulipokisoma usiku ule tulikirudisha asubuhi, kwa aibu kidogo.

Wanaosoma riwaya za Kiingereza nao wana lao. Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala inasimulia familia inayoteketezwa na Ukimwi katika nchi jirani ya Uganda. Wanafunzi wetu Wanyambo hucheka kwanza wakikuta majina kama Adyeri na Amooti, kwa maana wanayajua kwa ndugu zao wa ng'ambo ya Murongo. Kicheko hakidumu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983, na karibu kila ukoo una kaburi la miaka ile. Mwanafunzi mmoja alituambia kwamba alimsomea bibi yake sura moja, akiitafsiri kwa Kinyambo, na bibi akamwomba aache. Je, hayo si maoni? Sisi tunasema ni maoni, tena ni ya bibi ambaye hajawahi kukaa darasani.

Adabu za mjadala mnazijua kutoka darsa la fiqhi, ambako maimamu wakubwa walihitilafiana na bado wakaheshimiana. Usimkate mwenzako kauli. Ukipinga, ipinge hoja, umwache mtu. Usimwambie ambaye hajasoma jinsi hadithi inavyoisha, maana hiyo ni dhuluma ndogo. Sisi katika makala haya tumeitenda kwa Takadini, mtusamehe. Na ukigundua umekosea, sema, kama yule kijana alivyosema.

Tumeweka daftari la kurasa mia mbili kwenye rafu ya pale mlangoni. Kila aliyemaliza riwaya aandike humo nusu ukurasa: jina la kitabu, mahali palipomgusa au kumuudhi, na sababu. Msiandike dhamira. Wa Nkwenda na Kaisho wanaokuja mwisho wa mwezi tu nao waandike. Kwa sasa nakala zilizopo ni Takadini mbili, Watoto wa Mama N'tilie moja, na Siku Njema ya marehemu Ken Walibora wa Kenya, ambayo mhusika wake Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Hiyo Siku Njema imekosa kurasa nne katikati. Aliyenazo azirudishe, hatutauliza zilifikaje kwake.