Jifunze Kutoka Kabla ya Kuingia

Mwaka 1983 Richard Dennis na William Eckhardt, washirika wawili wa masoko ya Chicago, walibishana: kazi hii hufundishika, au mtu huzaliwa nayo? Dennis alishikilia kwamba hufundishika. Wakatangaza magazetini, wakachagua watu wa kila aina, akiwemo mcheza karata na mbuni wa michezo, wakawafunza kwa wiki mbili tu, kisha Dennis akawakabidhi fedha zake halisi. Walifanya biashara ya mikataba ya bidhaa na sarafu, si hisa, lakini swali ni lile lile. Wengi walipata faida kubwa, na ubishi ukaonekana umekwisha. Linalostahili kuulizwa zaidi ni walichofundishwa katika muda mfupi namna ile. Kanuni za kuingia sokoni zilikuwamo, tena nyepesi. Uzito ulikuwa kwenye kiasi cha kununua, na wakati wa kutoka mtu anapokuwa amekosea.

Tuseme una mtaji wa shilingi milioni 1, na umeamua kwamba ununuzi wowote ukienda vibaya usikutie hasara ya zaidi ya asilimia 2, yaani shilingi 20,000. Hisa inauzwa 1,000, nawe umejiwekea kwamba ikishuka hadi 900 unauza. Kila hisa inaweza kukupotezea 100, kwa hiyo unanunua hisa 200 basi, hata moyo ukikwambia safari hii ndiyo yenyewe. Ukikosea mara kumi mfululizo, bado una takriban laki nane mkononi. Aliyetia mtaji wote kwenye hisa moja ikashuka nusu, lazima apate faida ya asilimia 100 ndipo arudi alipoanzia. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza hesabu hii.

Mambo huwa magumu bei inapofika 900 kweli. Mwaka 1998 mtafiti Terrance Odean alichapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa Marekani. Aligundua kwamba walikuwa wepesi kuuza hisa zilizopanda, na zilizoshuka walizing'ang'ania. Katika mwaka uliofuata, walizouza zilizipita walizobaki nazo kwa wastani wa asilimia 3.4. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kuuza kwa hasara ni kukubali hivyo kwa maandishi, mbele ya dalali. Ndiyo maana bei ya kutoka huandikwa kabla ya kununua, akili ikiwa bado imetulia, na kila ununuzi huwekewa sababu yake daftarini ili baadaye mtu asijidanganye. Akaunti ya majaribio, ambayo wakufunzi wengi huisifu, humzoesha mtu vitufe. Haiwezi kumzoesha kupoteza ada ya mtoto.

Wapo wanaosema yote haya ni bahati nasibu. Uchunguzi wa Taiwan kuhusu wanaonunua na kuuza ndani ya siku moja unawajibu nusu: wapo wanaopata faida mwaka hadi mwaka baada ya gharama, ila hawafiki asilimia 1. Ujuzi upo, na ni adimu kuliko matangazo ya kozi yanavyodai.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwetu. Kanuni ya kutoka inahitaji mnunuzi upande wa pili. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, na hata Nairobi ukiziacha kampuni chache kama Safaricom, agizo la kuuza kwa 900 linaweza kukaa siku kadhaa bila mtu kuligusa. Mwenye kuiga mbinu za Chicago hapa bila kuzipunguza atakwama na hisa zake huku akilipa kamisheni wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Kwake nidhamu ni kununua kidogo zaidi, kwa fedha asizozihitaji karibuni, baada ya kusoma hesabu za kampuni na kuona kama gawio lake linatosha kumvumilisha miaka.