Maji Yakichafuka, Rangi Hukosa Maana

Zama za kivuko, msafiri wa Sengerema alikuwa na muda wa kuyatazama maji pale Kigongo. Tangu Juni 2025 anapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 hivi hadi Busisi, na dakika chache baadaye yuko ng'ambo. Hana nafasi tena ya kugundua kwamba maji ya Ghuba ya Mwanza hayafanani: huku kusini yana tope, na kadiri unavyokwenda kaskazini kuelekea ziwa lenyewe ndivyo yanavyozidi kuwa maangavu.

Tofauti hiyo imewasaidia wanasayansi kulichunguza swali ambalo mitaani hujibiwa kwa wepesi mno: je, rangi ina uhusiano na tabia?

Mashahidi wao ni samaki aina ya furu. Mvuvi huwaweka wote kwenye jina hilo moja, ingawa Ziwa Victoria lilikuwa na aina zao zaidi ya 500 kabla sangara hajawamaliza wengi. Kwenye miamba ya visiwa vya ghuba huishi ndugu wawili waliopewa jina la kisayansi lililotoka kwenye Kiswahili, *Pundamilia*, kwa sababu ya milia yao. Dume wa *Pundamilia pundamilia* ana rangi ya buluu. Dume wa *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike wao wamefifia, na kuwatofautisha kwa macho ni kazi.

Kwa dume wa furu, rangi ni hali yake ya wakati huo. Akiwa na himaya yake hung'aa. Akishindwa na kufukuzwa hupauka, na akitolewa majini kwa ndoano hupauka vilevile, hivyo anayemnunua mwaloni hajui alikuwa na uzuri gani saa moja iliyopita.

Watafiti waliwapambanisha wekundu na wa buluu ndani ya matangi. Chini ya mwanga mweupe, wekundu walishinda mara nyingi zaidi. Taa ya kijani ilipowashwa, ikaificha tofauti ya rangi, ubabe wa wekundu ukapungua. Samaki walikuwa walewale na misuli ileile. Sehemu ya ushindi ilikuwa kwenye jicho la mpinzani.

Na jicho nalo lina historia yake. Katika maji yenye chembechembe, mwanga wa buluu hupotea mapema. Kina kikiongezeka, unaobaki huelekea wekundu. Mwaka 2008 mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kuwa furu wekundu, wanaokaa chini zaidi, wana aina ya jeni inayolifanya jicho linase vizuri mwanga huo, na wa buluu wa juu wana aina nyingine. Kila jike huvutiwa na rangi ambayo macho yake yameumbwa kuiona.

Binadamu je? Katika Olimpiki ya Athens ya 2004, mabondia na wapiganaji wengine walipangiwa nyekundu au buluu kwa bahati nasibu. Waliovaa nyekundu walishinda kiasi cha asilimia 55 ya mapambano, na shabiki wa Simba angeliachia hapo. Lakini takwimu za mashindano mengi zaidi zilipokusanywa baadaye, faida hiyo ilififia ikawa karibu haipo. Mwaka 2009 utafiti mwingine ulidai kuwa buluu huchochea ubunifu na nyekundu humfanya mtu awe makini. Jaribio mojawapo liliporudiwa na mtafiti mwingine, matokeo hayakujirudia. Kwa hiyo usipake chumba buluu ukingoja ushairi.

Kwetu rangi huelekezwa na mazoea. Nyeupe ni shela ya bibi harusi, na nyeupe hiyohiyo ni sanda. Tukio ndilo linaloamua kama moyo utafurahi au utasinyaa. Hata lugha imechagua: ni -eupe, -eusi na -ekundu pekee zinazokubali viambishi vya ngeli. Nyingine tumezichukua kwenye vitu: kijani kwenye majani, kijivu kwenye jivu, zambarau kwenye tunda. Watafiti Brent Berlin na Paul Kay walieleza mwaka 1969 kuwa lugha yenye majina matatu tu ya rangi huwa na hayohayo matatu.

Furu hana mazoea ya kumwokoa. Ana mwanga tu. Mbolea, maji taka na udongo unaosombwa na mvua hulitia ziwa ukungu, na mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionya kuwa majike wasioweza kutofautisha rangi huzaliana na dume yeyote. Katika kisiwa cha Makobe, kwenye maji maangavu, wekundu na wa buluu bado ni aina mbili kamili. Kusini katika kisiwa cha Luanso, maji ni ya tope, na furu wamechanganyika kiasi kwamba wengi si wekundu wala si wa buluu. Hakuna aliyewavua wakaisha. Walishindwa tu kuonana.