Tengeneza Mwenyewe Kisanduku cha Gita

Vijana wetu wapiga gita huuliza: ile sauti ya kukwaruza hutoka wapi? Ilitokea kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, mtambo wa studio uliharibika, gita likanguruma ovyo, na watu wakaipenda! Mwaka wa 1966 Waingereza walitoa kisanduku cha kukanyaga, Fuzz Face. Ndani mna transista 2, rizista 4, kapasita 3 na vidude 2 vya kuzungusha kama vya redio. Basi.

Transista hukuza sauti mpaka betri ya volti 9 ikashindwa kuibeba, vilele vya mawimbi vikakatwa. Mkwaruzo ndio huo.

Vifaa vingi utavipata kwa fundi wa redio. Sisi tulitumia mkebe mgumu wa bati. Cha kwanza kilinyamaza kabisa, kumbe tuligeuza miguu ya transista! Mwombe fundi akuonyeshe. Na solda usiikawize, transista huungua.

Jambo moja tunasisitiza: tumia betri tu. Usijaribu kuunga stima ya ukutani, itakuua. Ukimaliza kupiga, toa betri, la sivyo itazidi kupungua polepole.