Fahali bora asiishie buchani

GISENYI – Ndama dume anayenenepa kuliko wenzake ndiye hupata mnunuzi kwanza. Kwa familia inayofuga katika malisho ya Gishwati, hasara huanzia hapo: aliye bora akivukishwa Goma kuchinjwa, dhaifu ndiye hubaki kupanda majike.

Fahali mmoja huweza kuhudumia majike 25 hadi 30 kwa msimu, hivyo kasoro yake husambaa zizini. Wafugaji wa Boran nchini Kenya huchagua kwa rekodi: uzito wa kuachishwa kunyonya, miguu, korodani na uzazi wa mama. Humwondoa kabla hajawapanda binti zake.

Mfanyabiashara anayetaka ng'ombe wazito miaka mitatu ijayo, leo anunue ndugu zake fahali huyo, yeye amwache zizini.