Kutoka Nyua za Thika na Ruiru hadi Baharini

Baina ya Ruiru na Thika, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyotengana kwa takriban kilomita 20 tu za barabara kuu itokayo Nairobi, upo mgongo wa ardhi ambao msafiri hautambui, kwa kuwa haukuinuka mfano wa kilima wala haukuwekewa alama yoyote, ilhali kwa maji ni mpaka wenye amri kamili. Tone la mvua liangukalo Ruiru huingia Mto Ruiru, likakutana na maji ya Mto Nairobi, likawa Athi, likapita Maporomoko Kumi na Manne chini ya Kilima Mbogo, kisha mto ukabadili jina ukaitwa Galana na baadaye Sabaki, na hatima ya safari hiyo ni Bahari ya Hindi, kati ya Malindi na Mambrui. Tone liangukalo Thika, mjini penye makutano ya Mto Chania na Mto Thika, hushika njia nyingine kabisa: huelekea mashariki, huingia bwawa la Masinga, hufuata Mto Tana ulio mrefu kupita mito yote ya Kenya, na huifikia bahari hiyo hiyo upande wa Kipini.

Nimeanza na safari ya maji kwa sababu maneno mengi yasemwayo juu ya kuhifadhi mazingira nyumbani huishia ndani ya kuta za nyumba yenyewe: zima taa, funga bomba, chukua kikapu uendapo sokoni. Mawaidha hayo ni sahihi, wala sina nia ya kuyatweza. Lakini mwenye kutaka kujua kama maisha yake yanaifaa dunia au yanaidhuru hana budi kutazama yale yatokayo mlangoni mwake kila siku, yaani maji aliyokwisha kuyatumia, taka alizozitupa na moshi wa jiko lake, maana hayo ndiyo yanayokwenda mbali, na huko yaendako wako watu na viumbe wasiomjua.

Miji hii imebadilika upesi. Ruiru kwa miaka mingi ilijulikana kwa mashamba ya kahawa na kwa kituo cha utafiti ambacho, katikati ya miaka ya 1980, kilitoa aina mashuhuri ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili chule buni na kutu ya majani. Katika sensa ya mwaka 2019 mji huo ulihesabiwa kuwa na wakazi karibu laki tano. Palipokuwa na mibuni na matandazo yake sasa pamesimama ghorofa za kupangisha, na nyua zimefunikwa kwa saruji au kwa matofali ya kabro. Udongo mwekundu wa Kiambu, uliozaliwa na miamba ya volkano, una vinyweleo vingi na hunywa mvua kwa wingi. Saruji hainywi kitu. Maji yaliyokatazwa kuzama ardhini hukusanyika, hupata mbio, hukwangua udongo wa kiwanja cha jirani kisicho na majani, huzoa mafuta ya magari na vifuko vya barabarani, na yote hayo huyatia mtoni kwa saa moja.

Udongo ukifika Masinga hutulia chini ya bwawa na kushika nafasi ya maji. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala la juu linaloyahifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya umeme iliyopangwa kando ya Tana. Hivyo mkazi wa Thika aachaye udongo wake uchukuliwe na mvua anashiriki, japo kwa kibaba, katika kupunguza nguvu iwashayo taa yake mwenyewe. Tope la Sabaki nalo huifanya bahari ya Malindi kuwa ya rangi ya hudhurungi nyakati za mvua, na hapo ndipo ilipo hifadhi ya bahari iliyowekwa na serikali mwaka 1968 kwa ajili ya matumbawe yake. Tumbawe huishi kwa ushirika na vijimwani vidogo mno vilivyomo ndani ya mwili wake, navyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakiwa na tope, mwanga hupungua, na tumbawe hudhoofika. Insafu yataka isemwe kwamba sehemu kubwa ya tope hilo hutoka mashambani na katika nyanda kavu, si katika nyua za mijini. Hata hivyo kila ua ulioachiwa udongo na nyasi, na kila mtaro uliopandwa majani ya kushika ardhi, ni mzigo uliopunguzwa.

Tuyatazame mabati. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 kamili ya maji, na hisabu hii kila mwenye nyumba angefaa kuijua kwa moyo. Thika hupata kiasi cha milimita elfu moja kwa mwaka. Kwa hiyo paa la mita 50 za mraba hupokea lita 50,000, na hata tukitoa sehemu ya tano kwa yale yanayorukia nje na kukauka, zabaki lita 40,000. Jamaa ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, humaliza lita 36,500 kwa mwaka. Taabu ni kwamba mvua haiji kidogo kidogo mwaka mzima, bali kwa misimu miwili, ile ya masika ambayo wenyeji Wagikuyu huiita ya njahi, na ile ya vuli waiitayo ya mwere. Basi tangi la lita 5,000 litajaa na kumwagika mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha likiisha katika kiangazi litakuwa limewahudumia watu hao siku 50. Si haba, hasa mahali ambapo bomba hutoa maji kwa zamu. Maji ya kwanza ya mvua, yaliyoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yaachwe yaende zake kabla mfereji haujaelekezwa tangini; na maji ya kunywa yachemshwe.

Maji yaliyokwisha kufulia yana habari yake. Katika sehemu kubwa ya miji hii nyumba hazijaungwa na bomba la majitaka, na povu la beseni humwagwa mtaroni, likaenda mtoni. Baadhi ya sabuni za unga zina fosfati, na fosfati ni chakula cha mimea ya majini. Ikizidi, mwani na magugu-maji hustawi kupita kiasi, kisha hufa na kuoza, na bakteria wanaoyaozesha huitumia oksijeni iliyokuwa ndani ya maji hata samaki wakakosa pumzi. Mwenye mgomba au nduma uani na aimwagie mimea hiyo maji ya kusuuzia, akibadilisha mahali kila wiki ili chumvi ya sabuni isiulemee udongo, na akitumia sabuni ya kipande kuliko ya unga yenye kemikali nyingi. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, au yaliyofulia nepi, yasiguse bustani asilani.

Nakuja katika taka, jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote niliyokwisha kuyataja, maana hapa ndipo mtu mmoja, asiye na shamba wala mali, awezapo kufanya mengi. Taka nyingi za nyumba zetu ni za kuoza: maganda ya viazi, ndizi na maparachichi, mabua ya sukuma wiki, mabaki ya ugali. Zikitiwa mfukoni pamoja na chupa na vitambaa, zikapelekwa jaani, kama lile jaa la Kang'oki lililo Thika, huzikwa chini ya taka nyingine mahali pasipofika hewa. Huko huozeshwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, navyo hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto kiasi cha mara 28 kuliko uzito ule ule wa hewa ya ukaa. Ganda lile lile likioza penye hewa halitoi methani ya kuhesabika. Hutoa joto na mboji.

Siri ya mboji ni hewa, unyevu na mizani. Vijidudu vinavyoozesha huhitaji kaboni kwa nguvu na nitrojeni kwa kujenga miili yao, na hupenda kiasi cha sehemu 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Mabichi ya jikoni yana nitrojeni nyingi. Majani makavu, maranda ya seremala na maganda makavu yatokayo vinu vya kahawa yana kaboni nyingi. Mtu akichanganya ndoo mbili za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi atakuwa karibu na mizani hiyo bila ya kupima kitu. Lundo lenye upana na kimo cha mita moja hupanda joto hata nyuzi 55 au 65, joto linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Likinuka kama yai bovu, hewa imekosekana: ligeuzwe na kuongezwa vikavu. Likikaa wiki nzima baridi na kavu, linyunyiziwe maji. Mpangaji wa ghorofa ya nne Ruiru, asiye na ua, aweza kutumia ndoo mbili zilizotobolewa matundu, moja ikijazwa wakati nyingine inaiva, na mboji yake akaitia katika magunia ya mboga pale barazani. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2022 sheria ya Kenya ya udhibiti wa taka yataka kila nyumba itenge taka za kuoza na zisizooza. Ndoo hiyo, basi, ni kutii sheria.

Juu ya plastiki sitasema mengi, maana Kenya ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya kubebea tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kila mtu ameona kwamba maisha hayakusimama.

Jiko, hata hivyo, lataka wasaa. Thika na Ruiru zimeinuka mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kwa kadiri tupandavyo, maji huchemka huku kwa nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana githeri huchelewa kuiva, na mpishi, akiona imechelewa, huongeza makaa. Kuongeza huko hakufai kitu: maji yakisha kuchemka hayazidi joto hata yakiwashiwa moto wa namna gani, na nguvu yote ya ziada huishia katika mvuke. La maana ni kuloweka mahindi na maharagwe usiku kucha, kufunika sufuria, na kupunguza moto mara yachemkapo. Sufuria ya presha huyashinda maumbile haya, kwani huufungia mvuke ndani hata joto likafika kiasi cha nyuzi 115, na muda wa kupika ukapungua sana. Asiye nayo aweza kuichemsha githeri kwa nguvu nusu saa, kisha akaitia, sufuria na yote, katika kikapu kilichojazwa vitambaa au nyasi kavu pande zote, kikafunikwa kwa mto mzito. Joto lililomo litaendelea na kazi kwa saa kadhaa bila ya kaa hata moja. Ile nusu saa ya kuchemka isipunguzwe, maana ndiyo iiharibuyo sumu iliyomo katika maharagwe mabichi.

Kila kilo 1 ya makaa huwa imegharimu kilo 5 hadi 10 za kuni katika tanuri la udongo. Jiko lenye kauri ndani, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga umbo la jiko la Thailand, hupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu, kwa sababu kauri huzuia joto lisipotee ubavuni. Lakini hilo nalo lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya sumu ya makaa haina harufu na huua. Wenye stima wajue kwamba karibu sehemu 9 katika 10 za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, na maji, upepo na jua. Kwa hiyo sufuria ya presha ya umeme, itumiayo nguvu kidogo, ni miongoni mwa njia safi za kupika tulizo nazo.

Sidai kwamba ndoo ya mboji itaondoa majitaka ya viwanda, ambavyo vina wajibu wao mbele ya sheria na vinapasa kudaiwa wajibu huo bila ya ajizi. Lakini mwenye nyumba aliyekwisha kutenga taka zake na kuyazuia maji yake ana haki na sauti ya kumdai mwenye kiwanda afanye vivyo hivyo. Basi, msomaji wa Thika au Ruiru, kabla ya mvua za Oktoba safisha mifereji ya paa lako, tafuta ndoo mbili na gunia moja la majani makavu, na uzungumze na mwenye ploti akuachie mita chache za udongo zisizofunikwa kabro.